Jinsi ya kupima kama uhakiki wa habari unabadilisha imani za watu

Idadi ya waliofungua makala ya uhakiki haikuonyeshi kama kuna aliyebadili mawazo. Fanya jaribio la makundi mawili yaliyogawanywa kwa bahati nasibu. Wote wasome uvumi uleule, kisha kundi moja lisome uhakiki wake na lingine lisome makala isiyohusiana, yenye urefu unaokaribiana.

Andaa madai sita hivi ya kuwauliza wote, nusu yake yawe ya kweli. Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika: ukiuliza uongo mtupu, mtu aliyeanza kutilia shaka kila kitu ataonekana ameelimika, kumbe hata habari ya kweli haiamini tena. Kila dai libebe jambo moja. "Kusukutua maji ya chumvi huzuia korona na madaktari wanalificha hilo" ni madai mawili. Atakayejibu hutajua amekubali lipi. Tumia kipimo cha 1 (si kweli kabisa) hadi 7 (kweli kabisa), kisha kwenye wastani wa madai ya kweli toa wastani wa yale ya uongo. Pengo hilo ndilo tokeo kuu. Liandike hivyo kabla ya kukusanya data, usije ukachagua baadaye kinachopendeza.

Ili kugundua tofauti ya 0.2 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika), kwa kiwango cha 5% (nafasi ya kudhani kuna tofauti wakati haipo) na uwezekano wa 80% wa kuiona, unahitaji watu 394 hivi kila kundi. Ukitarajia 30% wasirudi kwa dodoso la pili, la wiki kadhaa baadaye, anza na 563 kila kundi.

Dodoso hilo la pili usiliruke, maana jibu la papo hapo huweza kuwa kumbukumbu tu ya kilichosomwa. Watafiti Porter na Wood, waliofanya majaribio Argentina, Nigeria, Afrika Kusini na Uingereza mwaka 2020, walikuta athari nyingi bado zipo zaidi ya wiki mbili baadaye. Wasiorudi wakiwa wengi zaidi upande mmoja, ulinganisho wako umeshapinda. Dodoso la pili likishakamilika, wape uhakiki na wale wa kundi la pili. Uongo mmewasomesha nyinyi.

Ukiuliza pia swali la kura au la kusambaza ujumbe, lichambue peke yake, maana mtu huweza kubadili imani bila kubadili msimamo. Katika majaribio ya uchaguzi wa Marekani wa 2016, wafuasi wa Trump waliosoma uhakiki walirekebisha walichoamini kuhusu madai yake, ila mapenzi yao kwake hayakupungua.