Kadi ya kwanza Marekani: lipa kabla stetimenti haijafungwa

Ukifika Marekani kutoka Nyarugusu, Kakuma, Nairobi au Bukavu, historia yako ya kukopa na kulipa haikufuati. Hata kama ulikuwa mweka hazina wa kikoba, hapa unaanza upya, na mwenye nyumba ataangalia alama yako ya krediti, yaani namba inayoonyesha unavyokopa na kulipa, kabla hajakupa ufunguo. Kazi yangu ni kuzisaidia familia zinazoongea Kiswahili kupanga fedha zao, na nakuandikia ninavyowaelekeza watu mezani kwangu.

Hatua ya 1: Chukua kadi moja ya krediti ya dhamana

Unaweka amana benki, tuseme dola 300, na hizo ndizo zinakuwa kikomo cha kadi yako. Kabla hujasaini uliza jambo moja: je, benki hii inapeleka taarifa zangu Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zote tatu zinazotunza kumbukumbu za krediti? Kama haipeleki, tafuta nyingine. Kama huna namba ya Social Security, zipo benki zinazokubali ITIN, namba ya mlipa kodi. Alama ya FICO, ndiyo alama ya krediti inayotumika sana, inayoanzia 300 hadi 850, haitatoka mpaka akaunti yako ya kwanza itimize miezi 6, kwa hiyo usihangaike mapema.

Hatua ya 2: Zijue tarehe mbili

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kuna tarehe ya kufungwa kwa stetimenti, yaani hesabu ya mwezi ya kadi yako, na kuna tarehe ya mwisho ya kulipa, na kati yake sheria inakupa siku zisizopungua 21. Ukilipa salio lote la stetimenti, yaani kiasi chote unachodaiwa humo, ndani ya siku hizo, hutozwi riba kwa manunuzi yako. Lakini kwa kawaida benki hupeleka kwa zile kampuni tatu za kumbukumbu salio lililokuwepo siku stetimenti ilipofungwa, bila kusubiri ulipe.

Chukua kikomo cha dola 300. Umenunua chakula na mafuta ya gari kwa dola 270, stetimenti ikafungwa tarehe 5, nawe ukalipa zote tarehe 28, siku mbili kabla ya mwisho. Riba hakuna, hujachelewa, ila kumbukumbu zinaonyesha umetumia asilimia 90 ya kikomo, na alama inashuka. Kiasi unachodaiwa kinabeba asilimia 30 ya alama ya FICO.

Hatua ya 3: Lipa mara mbili kwa mwezi

Tarehe 2 lipa dola 250. Stetimenti itafungwa na salio la dola 20, chini ya asilimia 10 ya kikomo, na hapo ni pazuri sana. Kisha lipa hizo 20 kabla ya siku ya mwisho. Matumizi ni yaleyale, fedha ni zilezile.

Utasikia watu wakisema, "Acha deni kidogo ndiyo krediti ipande." Nakuomba usiwasikilize. Deni unalolivusha kwenda mwezi ujao halikuongezei alama. Linakuletea riba tu, ambayo mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka.

Hatua ya 4: Weka malipo ya kujiendesha

Kwenye programu ya benki chagua salio lote la stetimenti, usichague kiwango cha chini kabisa. Historia ya malipo ndiyo nzito kuliko yote, asilimia 35. Ukichelewa siku chache utatozwa faini. Ukipitisha siku 30, kuchelewa huko kunaweza kuandikwa na kubaki miaka 7. Salio kubwa la mwezi mmoja kwa kawaida husahaulika likishalipwa. Kuchelewa hakusahauliki hivyo. Kwa hiyo mwezi ukiwa mgumu, lipa walau kile kiwango cha chini kwa wakati.

Waliokuja kama wakimbizi wana pia mkopo wa safari wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Hauna riba, lakini nao ni deni: usiuache ulale.

Hatua ya 5: Usitume fedha nyumbani kwa kadi hii

Benki nyingi huhesabu kutuma fedha kama kutoa fedha taslimu: unakatwa ada, na riba inaanza siku hiyohiyo. Tumia kadi ya akaunti yako ya kawaida.

Hatua ya 6: Kagua ripoti yako

Ingia AnnualCreditReport.com, ni bure. Soma jina na tarehe ya kuzaliwa kwa makini kuliko kitu kingine. Wengi wetu tuliotoka kambini tumeandikiwa 1 Januari, majina yetu yanafanana na mara nyingine yamegeuzwa, kwa hiyo deni la mtu mwingine linaweza kuangukia kwako. Ukiliona, andika pingamizi kwa kila kampuni yenye kosa hilo, ambatisha nakala ya kitambulisho, na utunze nakala zako. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza na kukujibu.