Kabla hujanunua ranchi, ikague mwisho wa kiangazi

Matangazo ya ranchi zinazouzwa yana picha zinazofanana: nyasi za kijani hadi kiunoni, bwawa limejaa, pundamilia wamesimama kwa mbali. Picha ni za kweli, ila zimepigwa mvua zikiwa zimetoka tu kunyesha. Kazi yangu ni kuwakagulia wanunuzi malisho, na kila anayenipigia simu humwambia kwamba shamba la mifugo linakaguliwa mara mbili. Mara ya kwanza ni nyasi zinapomaliza kukua, mara ya pili ni wiki za mwisho za kiangazi. Wengi hufanya ya kwanza wakalipa. Ya pili ndiyo inayokuonyesha unachonunua.

Siku ya kwanza muuzaji atataka uanzie kwenye nyumba. Nyumba utaiona jioni. Omba mwende kwanza kwenye malisho yaliyo karibu na maji, kisha yaliyo mbali kabisa, na kote huko ushuke garini, upige magoti.

Tazama nafasi kati ya shina na shina la nyasi. Malisho yenye afya yana mabaki makavu yaliyofunika udongo, na mashina ya nyasi za kudumu ni manene. Ukilivuta shina haling'oki. Malisho yaliyochoka yana udongo mtupu uliokaza juu, na mashina machache yaliyosalia yamekaa juu ya vijilima vidogo, mizizi nje, kwa sababu udongo wa pembeni umeshasombwa. Mwaga chupa ya maji hapo. Yakitiririka badala ya kuzama, mvua nayo itatiririka vivyo hivyo, na ukifuata mteremko utakuta korongo linaanza. Angalia pia vichaka. Vichaka vichanga vya umri mmoja vilivyosambaa kila mahali huwa ni dalili kwamba nyasi zililishwa kupita kiasi, na kuving'oa ni gharama ya miaka.

Sasa pima. Tengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja, ilaze sehemu nyingi tofauti, nzuri na mbaya, bila kuchagua. Kata nyasi zilizomo, zikaushe, zipime. Tuseme wastani ni gramu 150. Hiyo ni kilo 1,500 kwa hekta. Usihesabu zote, mimi huhesabu theluthi moja, yaani kilo 500, ili zinazobaki zilinde udongo na kuchipua tena. Ng'ombe wa kilo 450 hula kilo 11 hivi za majani makavu kwa siku, karibu tani 4 kwa mwaka. Kwa hiyo kila ng'ombe anahitaji hekta 8, na ranchi ya hekta 1,200 inabeba ng'ombe 150. Muuzaji akikuambia inabeba 300, mwombe akuonyeshe wanakula wapi mwezi wa mwisho wa kiangazi.

Halafu punguza kwenye hesabu hiyo sehemu ya wanyamapori, maana nao wanakula. Twiga hula majani ya miti, hagombani sana na ng'ombe. Pundamilia ni mla nyasi, na pundamilia watatu hula karibu sawa na ng'ombe wawili. Wakiwepo 60 wa kudumu, ng'ombe wako wanashuka hadi 110. Nawapenda sana wanyama hao, na ndiyo sababu nasema wahesabiwe tangu mwanzo: mnunuzi asiyewahesabu ndiye anayekuja kuwachukia mwaka wa ukame.

Maji usiyaamini kwa macho. Ng'ombe hunywa lita 30 hadi 50 kwa siku, na zaidi kwenye joto kali. Tuseme pamoja na wanyamapori unahitaji lita 7,500. Nenda kisimani na ndoo ya lita 20 na saa. Ikijaa kwa sekunde 40, pampu inatoa lita 1,800 kwa saa, hivyo itafanya kazi saa nne na zaidi kila siku. Iache ifanye kazi muda huo wote ukiwepo. Kuna visima vinavyotoa maji vizuri nusu saa, kisha vinaanza kutema hewa. Chukua sampuli ipimwe chumvi: chini ya miligramu 3,000 kwa lita kwa kawaida ni salama kwa ng'ombe, zaidi ya 10,000 hayafai. Malisho yaliyo zaidi ya kilomita 3 kutoka majini yahesabu kidogo sana, kwa kuwa mifugo huko huenda ikakonda kwa kutembea tu.

Kuhusu wanyamapori, uliza kwanza ni wa nani kisheria. Kununua ardhi si kununua swala waliomo. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977. Afrika Kusini mwenye ardhi yenye uzio unaotakiwa anaweza kuwamiliki. Kisha tembea kando ya uzio asubuhi. Manyoya yaliyonasa kwenye waya wa chini na njia zilizokanyagwa hadi ukingoni hukuonyesha ulipo ushoroba, yaani njia wanayopita wanyamapori. Hapo waya wa chini uwe laini, usio na miiba, sentimita 40 hivi juu ya ardhi, swala wapite. Kama kuna nyati, fahamu kwamba hubeba ugonjwa wa miguu na midomo, na soko lako la nyama linaweza kufungwa. Uliza pia mizoga ya kimeta ilizikwa wapi, kwani vimelea vyake hukaa udongoni miongo kadhaa.

Swali moja muulize mchungaji mzee wa hapo au jirani, muuzaji asiwepo: "Mzee, mwaka ule wa ukame mkubwa, ng'ombe walihamishiwa wapi?" Jibu likiwa "hawakuhama", kaa naye umsikilize jioni nzima.

Hati, mpaka na haki ya njia ni kazi ya wakili na mpima ardhi. Walipe, usijifanyie mwenyewe. Ila hakikisha haki ya kutumia maji imeandikwa kwa jina la ardhi hiyo, na kwamba alama za mpaka umezigusa kwa mkono, zote.

Mkataba ukifika mezani, ongeza kifungu cha tarehe ya mwisho ya kulisha na idadi ya mifugo inayoruhusiwa mpaka siku hiyo. Kati ya kusaini na kukabidhiwa inaweza kupita miezi, na bila kifungu hicho muuzaji anaweza kulisha nyasi zote ulizozipima.