Jinsi ya kujua kama mzinga una malkia bila kumwona

Mfugaji anayeanza hupoteza muda mwingi akimsaka malkia kati ya maelfu ya nyuki, huku nyuki wetu wa Afrika wakizidi kuwa wakali kadiri mzinga unavyokaa wazi, na wakisumbuliwa sana huhama. Hakuna haja ya kumwona. Soma mayai na majana, yaani watoto wa nyuki wanaofanana na funza wadogo ndani ya sega.

Vaa mavazi ya kinga, fungua mzinga alasiri jua likiwa bado linaangaza, kisha upulize moshi kidogo kwa bomba. Toa sega la katikati na ulishike wima, maana sega jipya ukililaza hukatika, halafu ulipe jua mgongo ili mwanga ufike chini kabisa ya vitundu. Ukiona yai moja jeupe, jembamba kama kipande cha uzi, limesimama katikati ya sakafu ya kila kitundu, funga mzinga: yai huanguliwa baada ya siku 3, kwa hiyo malkia alikuwapo ndani ya siku hizo.

Hali ni mbaya pale kitundu kimoja kinapokuwa na mayai mengi, mengine yakiwa yamegandishwa ukutani. Malkia mchanga naye huweza kutaga mawili pamoja, lakini huyaweka chini. Ya ukutani ni ya vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, ambao tumbo lao ni fupi na halifiki sakafuni. Vibarua wote ni majike. Harufu ya malkia na ya majana ndiyo inayowazuia kutaga, na ikikosekana kwa wiki kadhaa baadhi yao huanza. Kwa kuwa hawajapandwa, mayai yao hutoa madume tu, na madume hawakusanyi chakula, hivyo kundi hufifia.

Ili kuuokoa mzinga usio na malkia, chukua sega lenye mayai na majana machanga kutoka mzinga wenye nguvu, pangusa nyuki wake, uliweke humo. Rudia kila wiki kwa wiki 3. Jana la kike lolote lililo changa laweza kuwa malkia, kwani tofauti iko kwenye lishe: la kibarua hupewa maziwa ya nyuki, chakula cheupe wanachokitoa vibarua, siku za mwanzo tu, la malkia huyapata mpaka mwisho. Ukiona kitundu kirefu kinachoning'inia mfano wa ganda la karanga, wameanza kumlea. Kikishafunikwa nta, usiufungue mzinga kwa wiki 3, ili atoke, aruke kupandwa na arudi kutaga.