Namna ya kumsoma Théophile de Bordeu: anza na tezi ya mate

Ukitaka kumsoma Bordeu, tabibu Mfaransa wa karne ya 18, usianze na vitalizimu, yaani fundisho kwamba viumbe hai vina nguvu ya uhai isiyoelezeka kwa mashine tu. Nafundisha anatomia kwenye chuo cha utabibu, na kila mwaka wanafunzi wakikutana na neno hilo hukimbilia hukumu: hao ni waganga wa zamani walioamini nguvu isiyoonekana, kisha sayansi ikawafuta. Kwa Bordeu hukumu hiyo si haki kabisa. Alikuwa mtu wa kupasua maiti, na swali lake lilikuwa la kushikika kwa mkono: mate yanatolewa na nini kwenye tezi?

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kitabu, weka vidole chini ya sikio, kwa mbele kidogo. Fungua mdomo, funga, uma meno. Tezi ya parotidi iko hapo, imejibana nyuma ya taya, na sehemu yake imelalia msuli wa kutafunia. Ukihisi taya linavyocheza utaelewa kwa nini wasomi wa wakati wa Bordeu waliridhika na jibu jepesi: tukitafuna, taya na msuli huikamua tezi, mate yakatoka. Sasa acha kutafuna, tulia, fikiria embe bichi lenye chumvi na pilipili. Mate yamekuja, na hakuna kilichobana kitu.

Ukishafanya hivyo, nenda moja kwa moja kwenye kurasa za parotidi katika kitabu chake cha tezi cha mwanzoni mwa miaka ya 1750. Kimo ndani ya kazi zake zilizokusanywa na Richerand na kuchapwa Paris mwaka 1818, juzuu mbili. Mimi nilisoma sekondari Bukavu, hivyo Kifaransa chenyewe hakinisumbui. Kinachochosha ni jinsi Bordeu anavyobishana na kila mtu. Vumilia. Ruka mabishano ya majina, lakini usiruke hata sentensi moja anapoeleza mahali tezi ilipo na nafasi inayobaki taya linapofunguka. Hapo ndipo hoja yake ilipo: ukiitazama tezi mahali pake, huoni wa kuikamua. Inafanya kazi yenyewe. Neva huiamsha, damu huijia kwa wingi, nayo huchagua kinachoifaa, kwa sababu kila tezi ina hisia yake na hata ladha yake.

Unaposoma, kumbuka anasimama kati ya kambi mbili. Upande mmoja yuko Boerhaave wa Leiden, aliyeufundisha mwili kama mashine ya mifereji na shinikizo. Upande wa pili yuko Stahl wa Halle, aliyeikabidhi nafsi uendeshaji wote wa mwili. Bordeu, mtoto wa tabibu wa Izeste huko Béarn, chini ya milima ya Pyrenees, aliyezaliwa 1722 na kusomea Montpellier, hakukubali mifereji mitupu wala msimamizi mmoja. Uhai kwake umegawanyika katika viungo.

Ndiyo maana aya ya nyuki isomwe polepole, mara mbili. Anaufananisha mwili na kundi la nyuki lililoning'inia mtini kama kichala: kila nyuki ana uhai wake, lakini kwa kushikana wanakuwa kitu kimoja. Mwulize mwandishi hapo: nani anawashikanisha? Jibu lake ni mawasiliano ya viungo wenyewe kwa wenyewe, na siwezi kukuficha kwamba hapa anaeleza kidogo kuliko anavyoahidi. Nawashauri wanafunzi waweke alama mbili pembeni mwa ukurasa: moja kwa alichokiona, nyingine kwa alichokipa jina tu. “Hisia” ya tezi iko kwenye alama ya pili, na bado naiheshimu, kwa sababu ilimzuia kuridhika na jibu la uongo.

Kitabu chake cha mapigo ya mshipa cha 1756 kiache cha mwisho. Anadai kutofautisha mapigo ya ugonjwa wa kifua, wa tumbo, wa matumbo, na kutabiri kwayo mwisho wa ugonjwa. Kisome kama historia. Mgonjwa wako umpime kama ulivyofundishwa.

Tahadhari mbili zaidi. Diderot, mwanafalsafa na mwandishi Mfaransa, alimfanya Bordeu mhusika katika mazungumzo ya kubuni yaitwayo Ndoto ya d'Alembert, aliyoyaandika 1769. Maneno yale ni ya Diderot, usiyanukuu kama ya tabibu. Na usimchanganye na Barthez, mwenzake wa Montpellier, aliyezungumzia kanuni moja ya uhai katika kitabu cha 1778. Mmoja anatawanya uhai, mwingine anaukusanya, na mtihani wa historia ya tiba hupenda kuuliza hapo.

Ukimaliza, tafuta majaribio ya Carl Ludwig, mwanafiziolojia Mjerumani, ya 1851. Alichochea neva ya tezi ya mate, akapima shinikizo ndani ya mfereji wake, akakuta linaweza kuzidi shinikizo la damu. Kama tezi ingekuwa chujio linalosukumwa na damu tu, hilo lisingewezekana. Bordeu alikuwa amefariki Paris tangu 1776. Soma matokeo hayo kisha urudi kwenye kurasa za parotidi ukiwa na kalamu, uone ni alama zipi utahamisha.