Somo: Jinsi ya kujua jina la mtoto lilipanda lini na likashuka lini (data za Marekani)

Haya wakuu, wale mnaosaka jina la mtoto na wale mnaopenda tu kuchimba data, leo tuchukue Marekani maana wenzetu wameanika kila kitu na ni bure.

1. Ingia ssa.gov/oact/babynames. Hiyo ni ya Social Security Administration, wale wa hifadhi ya jamii, majina yanatoka kwenye maombi ya kadi zao. Kuna sehemu ya kuandika jina lakini inakupa majina 1,000 ya juu tu kwa kila mwaka, jina adimu utatoka kapa. Shusha zip ya nchi nzima (ya majimbo ipo ila inaanzia 1910).

2. Ndani utakuta faili moja kwa kila mwaka, kuanzia yob1880.txt, na mstari wa kwanza kabisa ni Mary,F,7065. Jina, jinsia, idadi, basi. Ukiingiza kwenye Excel ongeza safu ya mwaka kwanza, maana mwaka uko kwenye jina la faili tu, mimi nilisahau nikaunganisha miaka 30 yote ikawa uji, nikaanza upya.

3. Hapa ndo wengi wanachemka: usichore grafu ya idadi. Gawa idadi kwa jumla ya watoto wa jinsia hiyo mwaka huo. Linda mwaka 1947 alikaribia laki moja, Mary wa 1880 hata elfu nane hafiki, ukiangalia haraka utasema Linda kamfunika mbali. Ila Mary alichukua zaidi ya 7 kwa mia ya wasichana wote, Linda kama 5 na nusu tu!

4. Jaribu na majina yetu. Imani na Nia ni nguzo za Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanza 1966, sasa fuatilia Imani kuanzia hapo mpaka miaka ya 90 uone lilivyopaa.

MASWALI

Jina langu halipo mwaka 1975, ina maana hakuna aliyepewa?
Hapana mkuu, chini ya watoto 5 wanalificha kulinda faragha. Usiandike sifuri.

Hizo za 1880 walizipataje wakati kadi zilikuja miaka ya 1930?
Swali zuri. Ni watu wazima walioomba kadi baadaye wakataja mwaka wao wa kuzaliwa, waliokufa mapema hawamo. Kwa hiyo kabla ya 1937 mi naziangalia kwa jicho moja.

Mohamed na Muhammad wanajumlisha?
Hawajumlishi, kila tahajia na mstari wake, jumlisha mwenyewe. Hata England na Wales ni hivyohivyo, na bado 2023 Muhammad peke yake, kwa tahajia hiyo moja, alikuwa namba 1 kwa wavulana.