Likizo imeisha, mtoto bado ananyonya: kukamua maziwa kwa mkono na kumwachia nyumbani

Hesabu ya likizo ya uzazi hapa Tanzania haimpi nafasi mama anayetaka mtoto anyonye maziwa yake tu mpaka miezi sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84, ukijifungua mapacha siku 100, na unaruhusiwa kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, kwa hiyo wengi wanarudi kazini mtoto ana miezi miwili na kitu. Hapo ndo kopo la maziwa linaingia nyumbani, au uji mwepesi, wakati maziwa ya mama yapo tele yanalowesha blauzi ofisini. Mi ni nesi kliniki ya mama na mtoto, mama wa uzao wa kwanza wananiuliza hili kila wiki so naliandika lote hapa. Pampu sio lazima. Kama unayo sawa, ila mkono ni bure, hauhitaji umeme, na kuunawa ni rahisi kuliko kusafisha ile mipira.

Hatua ya 1: anza mapema

Wiki mbili kabla ya kurudi kazini, sio Jumapili usiku ukiwa umeshapiga pasi nguo za kesho. Kamua mara moja kwa siku, asubuhi baada ya mtoto kunyonya, maana wengi asubuhi matiti yanakuwa yamejaa zaidi. Siku za kwanza utapata kidogo, hata vijiko viwili vya chai, ni kawaida kabisa na haina maana kwamba huna maziwa.

Hatua ya 2: chombo na mikono

Tafuta kikombe chenye mdomo mpana na mfuniko. Kioshe kwa sabuni, mimina maji yaliyochemka, yaache dakika chache, mwaga ukiwa tayari kukamua. Nawa mikono kwa sabuni. Matiti usiyasugue sabuni kila saa, chuchu zinakauka zinapasuka, kule kuoga kwako kwa kila siku kunatosha.

Hatua ya 3: yashushe kwanza

Hii ndo watu wanairuka afu wanalalamika kikombe kikavu. Maziwa yanaweza kuwepo na yasishuke kama una wasiwasi au maumivu, yaani hata ukiwaza tu foleni ya daladala. Kaa vizuri, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye titi, likande taratibu kwa vidole. Kama kuna mtu, akusugue mgongo: unainama mbele, unaegemeza kichwa kwenye mikono juu ya meza, matiti yananing'inia bila sidiria, yeye anakunja ngumi dole gumba likitangulia, anasugua kwa vimizunguko vidogo pande zote mbili za uti wa mgongo kutoka shingoni kushuka mpaka kwenye mifupa bapa ya mabega mgongoni, dakika mbili tatu. Baba mtoto anaiweza hii kazi, ukimwonyesha mara moja tu anashika. Ofisini hamna wa kukusugua, fungua video ya mtoto kwenye simu. Usicheke, inasaidia kweli.

Hatua ya 4: kukamua kwenyewe

Dole gumba juu, kidole cha shahada chini, vinatazamana, sentimita 3 au 4 nyuma ya chuchu, hapo kwenye ile sehemu nyeusi. Kwanza sukuma kwa ndani kuelekea kifuani, ndo ubane, afu achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze kwenye ngozi na usivute chuchu kama anayekamua ng'ombe, kwenye chuchu hamna kitu, maziwa yako nyuma yake. Kuna mama alikuja kliniki chuchu nyekundu na kikombe hakina hata tone, nikamwambia arudishe vidole nyuma upana wa kidole kimoja tu. Mibano ya kwanza kimya, afu matone, afu vikaanza kutoka vijito vyembamba vitatu kwa pamoja vinagonga ukuta wa kikombe, akacheka mwenyewe.

Mtiririko ukipungua hamisha vidole, zunguka titi zima. Titi moja dakika 3 mpaka 5, hamia la pili, rudi tena la kwanza. Yote kwa yote dakika 20 mpaka 30. Haitakiwi kuuma, ikiuma badilisha mahali unapobana.

Hatua ya 5: kuhifadhi

Andika tarehe na saa kwenye kikombe. Nje ya friji masaa 4, lakini hiyo ni kwa chumba kisichozidi nyuzi joto 25, Dar mwezi wa pili joto linapita 30 kwa hiyo we usiyategemee hayo masaa, beba kibegi cha ubaridi chenye vibarafu vilivyoganda vizuri, humo yanakaa mpaka masaa 24. Kwenye friji siku 4, yaweke ndani kabisa sio mlangoni. Kwenye friza miezi 6, ila yakishayeyuka tumia ndani ya siku moja, usigandishe tena. Utaona yamejitenga, mafuta juu na chini yamekuwa maji maji kama ya bluu, hayajaharibika hayo, zungusha kikombe taratibu yatachanganyika.

Hatua ya 6: mfundishe atakayebaki na mtoto

Awe dada wa kazi au bibi, mfundishe kikombe badala ya chupa. Chupa ina kona nyingi za kuficha uchafu, na kuna watoto wakishaizoea wanalikataa titi. Mtoto akalishwe wima kidogo awe macho, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, kiinamishwe mpaka maziwa yafike midomoni, basi. Asimmiminie, mtoto mwenyewe atatoa ulimi alambe. Mazoezi yafanyike we ukiwa umetoka, akikunusa upo hakitaki kikombe. Kuyapasha maziwa, kikombe kinawekwa kwenye bakuli la maji ya moto, hamna kuchemsha na hamna maikrowevu. Ukiwa nje masaa 9 mwachie ya mara tatu, mililita 80 mpaka 120 kila mara, asiposhiba utaongeza kesho. Yaliyobaki kikombeni baada ya kunywa, yakipita masaa 2 yamwagwe.

Bibi atasema joto hili mtoto ana kiu mpeni maji. Mjibu kwa heshima, mama, kliniki wamesema maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji, mpaka miezi sita hahitaji mengine.

Hatua ya 7: kazini

Ile sheria ya juu, kifungu cha 33, inasema mwajiri akuruhusu kunyonyesha muda wa kazi mpaka masaa mawili kwa siku. Ongea na bosi kabla hujarudi, mwombe na chumba chenye kitasa, sio chooni. Kamua kila baada ya masaa matatu hivi hata kama hamna pa kuhifadhi na utayamwaga, sababu titi likikaa limejaa mwili unapunguza kutengeneza. Uji wa pilipili manga, mtori, supu ya pweza, kunywa tu ni vitamu, ila kinacholeta maziwa ni kuyatoa.

Ukirudi nyumbani mpe titi hapo hapo. Wengine wanaambiwa maziwa yameshinda juani yamechacha, wakamue wamwage ya kwanza. Titini hayachachi. Na usiku mnyonyeshe kila anapotaka, homoni inayotengeneza maziwa inapanda zaidi usiku.

Lini uje kliniki

Titi likiwa jekundu, gumu, linauma na una homa, nenda siku hiyo hiyo, na usiache kunyonyesha wala kukamua upande huo. Mtoto akikojoa chini ya mara 6 kwa siku, au mstari wa uzito kwenye kadi umelala, mlete tumwone kabla hujanunua kopo.