Varanda ya nyuma ya nyumba: anza kuhesabu kwenye bati, sakafu iwe ya mwisho

Watu wengi wakitaka kuongeza varanda wanaanza chini. Wanaita fundi, wanamwaga jamvi, yani zege la sakafu, wanapandisha nguzo, af ndo wanainua macho kuangalia bati litakaa wapi. Najua kwasababu ndo nilivyofanya kwangu mwenyewe, tena wakati huo nishajiita fundi. Sakafu ikatoka safi, nguzo zimenyooka, tulivyofika juu nikakuta boriti ya mbele inakaa chini ya mita mbili, nikasema aa itafaa tu. Siku ya Idi shemeji yangu, ambaye ni mrefu, anatoka nje na sinia la pilau, macho yapo kwenye sinia, boriti ikampata katikati ya paji la uso. Sinia hakuliangusha, hapo nampa sifa zake. Ile boriti mpaka leo nimeifunga kipande cha godoro na wageni wote naanza kuwaambia "angalia kichwa" kabla hata ya karibu.

Kwahiyo hapa ntaeleza varanda ya kawaida kabisa, mita 5 kwa mita 3, ya kuegemea ukuta wa nyuma, nyumba ya tofali kama hizi zetu za Dar, bati la mteremko mmoja. Ukielewa hii nyingine zote unabadilisha vipimo tu.

Hatua ya 1: kalamu, karatasi na tepu

Simama nje, pima kutoka usawa wa sakafu ya ndani mpaka mahali ambapo bati la varanda litagusa ukuta, yani chini kidogo ya bati la nyumba linapochomoza. Kwenye nyumba nyingi utapata kama mita 2.75. Sasa sakafu ya varanda lazima iwe chini ya ya ndani, mi naweka sentimita 10, usikubali pungufu ya 5 maana siku mvua ya upepo ikija maji yataingia sebuleni. Kwahiyo toka sakafu ya varanda mpaka bati una 2.85. Unaona kubwa eeh? Subiri tuanze kukata.

Bati la migongo mipana lipe mteremko wa sentimita 15 kwa kila mita, la migongo midogo bora 20. Varanda ya mita 3 ni sentimita 45, tumebaki na 2.40. Sakafu nayo inateremka kwenda nje kama sentimita 4, tunarudishiwa hizo, 2.44. Toa papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, za inchi 2x2, sentimita 5. Toa zile mbao zinazoshuka toka ukutani, tunaita rafta, za 2x6 zinakula 15. Toa boriti ya zege ya mbele, 20. Umebaki na mita 2.04. Mlango wa kawaida ni kama 2.10, kwahiyo varanda yako iko chini kuliko mlango uliotokea.

Hapo ndo unaamua, na ukiamua kwenye karatasi haikugharimu hata shilingi. Unaweza kupunguza upana, ukifanya mita 2.4 rafta za 2x4 zinatosha na unapata mita 2.17 hivi. Unaweza kushusha sakafu na kuweka ngazi moja ya sentimita 15 mlangoni, hii naipenda kama kiwanja kina mteremko wa kwenda nyuma, ila fikiria na wazee wa nyumbani. Unaweza kubadili boriti ikawa ya mbao mbili za 2x6 zimefungwa bolti, inaokoa sentimita 5. Au ujenge paa la migongo miwili linalochomoza toka kwenye paa la nyumba, hapo utakuwa na urefu wa kujidai, lakini lazima ufungue bati la zamani na kuweka veli, yani mfereji wa bati pale mapaa mawili yanapokutana, na veli ikikosewa inavuja mpaka unachukia nyumba yako. Nyumba za kisasa zile bati limefichwa nyuma ya ukuta hazina tabu hii, ukuta uko juu, unafunga unapotaka.

Mi lengo langu ni 2.20 chini ya boriti. Pungufu ya hapo namwambia mwenye nyumba mapema, akikubali akubali mbele ya mkewe.

Hatua ya 2: upande gani

Kama una uhuru wa kuchagua epuka magharibi, jua la saa kumi linaingia mpaka ndani na viti vya plastiki vinapauka. Kama huna uhuru basi, panda pashoni, vuta waya toka boriti mpaka chini, ndani ya mwaka mmoja una pazia linalozaa matunda. Upande unaotazama kusini mashariki ndo unaopigwa na kusi kuanzia Aprili, na mvua za masika zinaingia na huo upepo, kwahiyo kipande hicho ziba kwa tofali za matundu, hewa inapita na maji yanapungua. Na kibali cha ujenzi, nenda halmashauri uulize kabla hujachimba. Usisogee mpaka wa jirani kwa kujidai ni "kivuli tu", kikishawekwa nguzo hakiitwi kivuli tena.

Hatua ya 3: kupima na mashimo ya nguzo

Funga kamba, af hakikisha kona: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, mshazari ukitoa mita 5 kamili kona imekaa. Ikitoa 4.97 sogeza kamba, usiseme plasta itaficha, bati halifichi kitu.

Kwa urefu wa mita 5 weka nguzo tatu. Shimo la kila nguzo sentimita 60 kwa 60, kina 80 hivi kwenye mchanga wetu huu. Kama ni udongo mfinyanzi ule mweusi unaopasuka kiangazi, chimba mpaka uupite, ule ukinywa maji unavimba na kuinua nguzo, ukikauka unaishusha. Chini mwaga kitako cha zege sentimita 20, weka nondo nne za milimita 12 zimefungwa ringi za milimita 8 kila baada ya sentimita 15 mpaka 20. Biskuti usisahau, vile vipande vidogo vya zege vinavyozuia nondo isiguse boksi la mbao la kumwagia zege, ukikaa karibu na bahari kama Kigamboni nondo iliyo nje nje inashika kutu, kutu inavimba, na nguzo inapasuka kwa urefu kama ndizi iliyoiva.

Zege la nguzo, kitako na boriti ni saruji ya nguvu, ile iliyoandikwa 42.5 kwenye mfuko, moja kwa mbili kwa nne: ndoo moja saruji, mbili mchanga, nne kokoto. Maji kidogo kidogo. Wasaidizi wanapenda zege la uji kwasababu linamiminika lenyewe, we wakatalie, shindilia kwa kipande cha nondo. Mwagilia siku 7.

Nguzo zikifika juu unamwaga boriti, na hapa kuna kitu watu wanaruka: kabla zege halijashika chomeka vipande vya nondo ya milimita 8 vilivyokunjwa kama herufi U, kila mahali rafta itakapokaa, ncha zibaki nje za kutosha kuzunguka mbao. Varanda haina kuta, upepo unaingia chini na kusukuma paa juu, misumari miwili ya kupinda haizuii.

Hatua ya 4: paa, kabla ya sakafu

Ndio, paa kwanza. Ukishaezeka unafanya kazi ya sakafu kivulini, zege halikaukii juani likapasuka, na hakuna atakayedondosha nyundo kwenye sakafu mpya.

Ubao wa ukutani, 2x6 iliyotiwa dawa ya mchwa, unafungwa kwenye lenta ya nyumba, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Gonga ukuta usikie, au toboa tundu dogo: ikitoka unga mwekundu au wa mchanga laini uko kwenye tofali, drili ikilia na kusonga taratibu umefika kwenye zege. Bolti za kutanuka za milimita 12, kila sentimita 60, panda shuka panda shuka zisikae mstari mmoja ubao usije kupasuka. Tofali peke yake usiliamini, linashika siku ya kwanza tu. Kama lenta iko juu au chini ya unapotaka, bora uongeze nguzo mbili au tatu zilizoegemea ukuta na paa lako lijitegemee.

Rafta kila sentimita 90, papi juu yake kila sentimita 90. Bati geji 28, na agiza kiwandani likatwe urefu mzima, mita 3 na nusu hivi, lisiwe na kiungo katikati, kwenye mteremko mdogo namna hii kiungo ndo kitakachovuja. Misumari au skrubu zenye mpira, juu ya mgongo wa bati, sio kwenye bonde.

Sasa pale bati linapokutana na ukuta. Nimeitwa mara nyingi kurekebisha varanda za watu, na karibu mara zote shida iko hapa. Fundi kaweka bati, kaweka flashingi, kile kipande cha bati cha kukunja kinachoziba kati ya bati na ukuta, kaigonga misumari ukutani na kupaka silikoni juu. Miezi sita silikoni imeachia ukuta, maji yanashuka nyuma yake, ukuta wa sebule unaota ukungu na mwenye nyumba anadhani ni bomba la choo. Chukua grenda, kata mfereji mlalo kwenye ukuta, kina sentimita 2 na nusu, kama sentimita 15 juu ya bati. Piga brashi vumbi lote litoke. Kunja mdomo wa flashingi uingie ndani ya huo mfereji, kaza kwa vipande vya bati vilivyokunjwa, af ndo ujaze silikoni ya nje. Ikikauka pitisha kidole, usisikie tundu. Kazi ya nusu siku, vumbi lake utalikohoa mpaka kesho, lakini hutorudi.

Gata weka mbele pamoja na fishabodi, ule ubao wa kuziba ncha za rafta, mteremko wa kidole kimoja mpaka upande wa tanki. Paa hili lina kama mita za mraba 17, mvua ya milimita 20 inakuletea zaidi ya lita 300, ni ujinga kuzimwagia uani, na kuzimwagia kwa jirani ni kesi ya mjumbe.

Hatua ya 5: sakafu

Zungushia tofali za inchi 6 kati ya nguzo kwenye msingi mdogo wa zege, jaza kifusi ndani kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka mwagia maji na shindilia, nasisitiza hapa maana kifusi cha kumwaga na kukanyaga kwa miguu kitazama na jamvi litabaki hewani. Juu tandika mawe, mchanga wa kuziba, nailoni nyeusi, af jamvi la sentimita 10. Kwa mita 5 kwa 3 ni mita moja na nusu za ujazo, mifuko 10 ya saruji.

Kabla ya kumwaga laza paipu za umeme kama unataka taa na soketi nje. Na kati ya jamvi jipya na ukuta wa nyumba acha nafasi ya nusu inchi, weka vipande vya lile povu jeupe linalokuja na tv kwenye boksi. Nyumba ya zamani ishatulia, varanda ndo kwanza inatafuta pa kukaa, ukizibana pamoja ufa utachagua wenyewe pa kupita na mara nyingi unapita kwenye ukuta wako.

Ukingoni badala ya vyuma mi napenda kujenga kibaraza cha tofali, kimo sentimita 45, upana 45, kama vya Mji Mkongwe kule Unguja ambapo mtu anakaa na kahawa mpaka anasahau alikotoka. Hakishiki kutu, hakiibiwi, na siku ya msiba au shughuli hukodi viti vingi.

Niru, yani saruji laini ya kusugua juu ya sakafu, ni rahisi na inapendeza ila ikilowa inateleza, kwa nje afadhali uburute ufagio mgumu juu ya zege bichi au uweke tailizi zenye mikwaruzo. Tailizi usiharakishe lakini. Ukimaliza kumwagilia jamvi zile siku 7, acha likauke, subiri mvua, au kama ni kiangazi vuta mpira umwage maji juu yote, kaa pembeni robo saa. Popote maji yatakapobaki chora duara kwa chaki. Hizo duara ndo fundi tailizi anatakiwa azione kabla hajafungua boksi la kwanza.